Kiti cha Mwaloni wa Tutani

Siku ile mjinga alikuwa Hefin, na usimwonee huruma, maana hata yeye ukimwuliza atakwambia hivyo kabla hujavuta kiti ukae. Atakwambia wajinga ni wa aina nyingi: yuko anayedanganywa, yuko anayejidanganya, na yuko anayeuchonga ujinga wake kwa mwaloni mtupu, akaupiga msasa, akaupaka nta, kisha akaupandisha jukwaani bonde zima lipate kuuona. Yeye alikuwa huyo wa mwisho.

Habari yenyewe ilianzia msituni. Msitu wa Gelli umelala ubavuni mwa mlima, nusu yake ikiwa ya shamba la Tyddyn, kwao Hefin, na nusu ya shamba la Hendre, kwao Mallt. Katikati lipo tuta la udongo na mawe, na juu ya tuta ulisimama mwaloni mkubwa kuliko wote wa msitu ule. Sasa, sheria ya tuta kule kwao mtoto huijua kabla hajajua sala. Aliyetaka mpaka alichimba mtaro mwisho wa ardhi yake, udongo akautupa upande wake. Kwa hiyo ukiona mtaro uko ng'ambo ya tuta, kwa jirani, ujue tuta ni lako, na mti ulioota juu yake ni wako.

Sheria nzuri, mradi mtaro uonekane. Mtaro wa Gelli ulikuwa umejaa majani yaliyooza tangu enzi za mababu, kangaga zikaota juu yake, kondoo wakapita huku na huku mpaka pande zote mbili zikawa na mabonde. Baba yake Hefin alisema mtaro uko upande wa Hendre. Baba yake Mallt alisema uko upande wa Tyddyn. Walisema hivyo sokoni, wakasema hivyo kanisani, na walipokufa walizikwa uwanja mmoja, kila mtu na mtaro wake.

Tena baba yake Hefin hakufa kimya. Alimshika mwanawe mkono akamwambia, "Fanya ufanyavyo, lakini Hendre wasije wakaukalia mwaloni wetu." Hefin akaitikia. Mtu akikufia mkononi unaitikia lolote.

Mwaka mmoja upepo wa majira ya baridi ukauangusha mwaloni ule. Hefin alipanda msituni na msumeno wake, akamkuta Mallt amekwisha kaa juu ya gogo, anamenya yai la kuchemsha. Mallt alikuwa mjane, mfupi, wa umri uleule wa Hefin. Walisoma shule moja na kupigana ngumi moja, ambayo Mallt alishinda.

"Shuka kwenye mti wangu," Hefin akasema.

"Nikishuka nitatumbukia mtaroni. Si uko hapo uliposimama?"

"Hapa? Hapa ni pakavu kama mahubiri ya Jumapili."

"Basi toa buti lako tulione."

Hefin hakulitoa buti, maana lilikuwa limezama hadi kifundo na alijua litakavyopiga kelele likitoka. Wakakaa hivyo, mmoja juu ya gogo na mwingine ndani ya tope, mpaka mvua ikawarudisha wote nyumbani. Gogo likabaki.

Aliyewatenganisha ni Berwyn, mwenye ofisi ya posta, ambaye pia ndiye katibu wa tamasha la washairi la kijiji. Tamasha hilo hufanyika kila mwaka mwezi wa tano, maua ya buluu yanapojaa Gelli mpaka msitu unaonekana kama umefurika maji. Watu huimba, watoto hukariri, wazee husinzia, halafu jioni huja shairi kuu. Mshindi wa shairi kuu hapewi kikombe. Hupewa kiti, cha mwaloni, cha kuchongwa, akakiweka sebuleni mwake na wajukuu wakakatazwa kukikalia. Nyumba yenye kiti kule kwao haihitaji kujisifu. Kiti kinajisifu chenyewe.

Berwyn akawaita wote wawili mbele ya gogo. "Sikilizeni. Mti huu utaoza mkiwa mnabishana. Upasuliwe, mbao zikaushwe katika banda la kanisa, na zikiiva zichongwe kiti cha tamasha. Atakayekikalia, ndiye mwenye mti. Si Tyddyn, si Hendre. Mshindi."

"Na akishinda mtu wa Hendre?" Hefin akauliza.

"Nani, mbwa wangu?" Mallt akasema. "Hendre kuna mimi, yeye na kondoo. Mshairi hata mmoja hamna."

Wakacheka, wakapeana mikono juu ya gogo. Mbao zikapasuliwa, zikapangwa bandani na vijiti katikati zipate hewa. Zikakauka taratibu, kama hasira za watu wa kule, na zilipoiva Berwyn akamwita Hefin. Kwani hamjaambiwa? Hefin alikuwa ndiye seremala wa kijiji.

Ndipo shetani akaingia karakana.

Alisimama mbele ya zile mbao, akainusa harufu yake, akaona mistari ya moyo wa mti inavyong'aa, na sauti ya baba yake ikamrudia. Kisha akaona tangazo la tamasha ukutani: shairi kuu la mwaka huu, "Msitu wa Gelli," kwa vina na mizani. Naam. Msitu wa Gelli anaujua nani kuliko yeye? Kanuni hazikumkataza seremala kushindana. Hakuna aliyewahi kufikiria zitahitajika kumkataza. Akishinda, atakikalia kiti. Akikikalia, mti ni wa Tyddyn milele, kwa mkono aliompa Mallt mwenyewe, na baba yake atageuka kaburini alale ubavu wa raha. Hefin alikuwa amekwisha kushindana mara kadhaa kwa siri na hakuwahi hata kutajwa vizuri. Lakini safari hii aliamini. Aliamini mno, ndiyo shida.

Mkewe, Luned, aliingia karakana na chai akamkuta amejipinda, futikamba imezunguka nyuma.

"Hefin, unafanya nini?"

"Napima."

"Naona. Unapima makalio."

"Ni vipimo vya kiti cha tamasha."

"Kumbe tamasha lina makalio yako?"

"Fundi lazima aanze na mtu fulani, Luned. Sasa nianze na nani? Na Berwyn?"

Luned akaweka chai juu ya mbao, akainyanyua haraka aliposutwa kwa macho, akautazama mguu wa kiti uliokuwa umekwisha kukatwa. Sasa, Hefin ni mtu wa miguu ya korongo. Akikaa kanisani magoti yake humsukuma aliye mbele. Na ule mguu wa kiti ulikuwa mrefu hivyo hivyo.

"Umeandika shairi," Luned akasema.

"Sijasema."

"Hujasema wewe. Mguu huu umesema. Bwana wangu, unakata kanzu na mwana hajazaliwa."

"Mwana amekwisha zaliwa. Bado jina tu."

"Haya. Akizaliwa na miguu mifupi usinililie."

Mwaloni hauchongeki kwa haraka, na shairi pia. Mchana Hefin alipiga randa, jioni alipanda Gelli kutafuta beti. Alitembea kati ya miti akihesabu silabi kwa vidole, na mtu asiyejua angedhani anahesabu kondoo waliopotea. Siku moja mwishoni mwa baridi alinyeshewa njiani, akajibanza chini ya miti, na mvua ilipokatika akaona hakuna nafuu: matawi yaliendelea kudondosha. Karibu na tuta akasikia panga likikata, tap, tap. Ni Mallt, anakata fito za kupandishia maharage, huku midomo inamchezacheza.

"Unaongea na nani, Mallt? Na marehemu?"

"Marehemu hakunijibu akiwa hai, ataanza leo? Kiti kinaendeleaje?"

"Kinaendelea."

"Nasikia kina miguu."

"Kiti gani hakina miguu?"

"Nasikia kina miguu kwelikweli." Akakata fito nyingine, akaitupa juu ya nyingine. "Haya, wewe mtu wa miti, niambie. Mvua imekwisha zamani, angalia kule juu ni kweupe. Mbona mimi bado naloa?"

Hapa ndipo Hefin angepaswa kunyamaza. Lakini mpe mtu mwenye majivuno swali ambalo jibu lake analijua, umemfungua mdomo kama mlango wa zizi.

"Kwa sababu Gelli hunyesha mara mbili," akasema, akaweka mkono kifuani. "Mvua ya kwanza ni ya mbingu, ya pili ni ya msitu. Ile ya kwanza ni ya watu wote. Hii ya pili ni ya aliyesimama humu ndani tu, nayo ndiyo huingia shingoni."

Panga likasimama hewani. "Rudia."

Akarudia, tena kwa madaha zaidi.

"Hilo umelisoma wapi?"

"Kusoma? Hayo yananitoka tu, mama. Nimeyaacha mengi kuliko hayo. Hilo lenyewe lilikataa kukaa kwenye..." akajiuma ulimi, "kwenye mazungumzo ya kawaida."

"Ehe," Mallt akasema, akainama tena kwenye fito zake. "Pole. Vitu vingine hukataa kukaa mpaka apatikane wa kuvikalisha."

Hefin akashuka mlima akiwa amefurahi kwamba kwa mara ya kwanza amemnyamazisha mtu wa Hendre.

Siku ya tamasha ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka madirishani, makoti yenye maji yakitoa mvuke, birika kubwa likinguruma jikoni. Kiti kilisimama jukwaani peke yake. Uongo dhambi, kilikuwa kizuri. Mgongoni Hefin alichonga majani ya mwaloni na tuta lenyewe, na kwa uungwana mkubwa hakuonyesha mtaro uko upande gani. Ila kilikuwa kirefu. Kila aliyepita alikitazama kiti, akamtazama Hefin, akakitazama tena kiti.

"Kizuri, Hefin," mmoja akamwambia. "Ngazi inakuja lini?"

"Mwacheni," akasema mwingine. "Kiti cha twiga hicho. Twiga yupo ukumbini, mtamwona."

Hefin akatabasamu tu. Alikuwa amevaa soksi mpya.

Jaji aliletwa kutoka bonde la mbali, maana jaji wa karibu lazima awe binamu wa mtu. Aliitwa Bi Tegwen, mama mwembamba wa miwani, na desturi ilimtaka aseme neno juu ya kila shairi mbele ya watu wote kabla ya kumtaja mshindi. Jina halisi halitajwi; kila mshairi hujipa jina la kujifichia. Hefin alijiita Mwaloni Mkongwe.

"Mwaloni Mkongwe," Bi Tegwen akasema. "Huyu kila mstari kaupima kwa futikamba. Hakuna uliozidi, hakuna uliopungua. Nimetembea msitu wake wote kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na nimetoka nikiwa mkavu. Ni mbao zilizopangwa vizuri bandani."

Luned akainamisha kichwa. Hefin akamnong'oneza, "Umesikia? Zilizopangwa vizuri."

"Nimesikia yote, mume wangu. Wewe umesikia robo."

"Lakini yuko mmoja," Bi Tegwen akaendelea, "aliyenifanya niinue kola ya koti nikiwa jikoni kwangu, karibu na moto. Sikilizeni anavyoanza." Akavua miwani, akasoma kwa moyo:

"Mvua ya kwanza ya mbingu, ya pili ya msituni,
Ya kwanza ni ya wenzangu, ya pili i mabegani..."

Sasa, mtu akiitwa jina lake usingizini huamka kabla hajajua ameamka. Hefin alisikia maneno yake, kutoka kinywa cha jaji, mbele ya bonde zima, na ile miguu ya korongo ikamnyanyua. Hakuwaza kwamba hayamo katika shairi lake. Aliwaza baba yake. Alisimama wima, mikono ubavuni, akingoja tarumbeta inayolia mshindi akiitwa.

Bi Tegwen akavaa miwani tena. "Bado sijamwita mtu, bwana. Mshindi ajulikane kwa jina lake la kujifichia. Asimame Tone la Pili, yeye peke yake."

Tarumbeta ikalia. Na nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, akasimama Mallt wa Hendre, na mikono ya sweta lake ikiwa imekunjwa kwa sababu alikuwa anaosha vikombe.

Ukumbi mzima ukageuka nyuma, ukageuka mbele, ukamwona Hefin bado amesimama kama mti uliosahauliwa na wakataji.

"Mimi," Hefin akasema, "naangalia tu kama mguu wa kiti umekaa sawa."

"Upi?" mtu akauliza. "Wa kiti au wako?"

Kicheko kilichofuata kilimkalisha chini bila msaada wa mtu.

Mallt akaletwa jukwaani. Kule kwao mshairi hakalishwi hivi hivi. Upanga huchomolewa nusu kutoka kwenye ala juu ya kichwa chake, na katibu huuliza watu wote, mara tatu, kama kuna amani. Bila kuitikiwa, upanga haurudi na mshairi hakai.

"Kuna amani?" Berwyn akapaza sauti.

"Amani!" ukumbi ukaitika. Hefin alikuwa akitazama kamba za viatu vyake.

"Kuna amani?"

"Amani!" Kiwiko cha Luned kikaingia mbavuni mwa Hefin. Hakikutoa kitu.

Mara ya tatu Berwyn hakuutazama ukumbi. Alimtazama Hefin. Watu wote wakamtazama Hefin, na Mallt naye, chini ya upanga, akamtazama, bila kucheka. "Kuna amani?"

Alikumbuka mkono alioutoa juu ya gogo. "Amani," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino. Ukumbi ukalipuka, upanga ukarudi, na Mallt akapanda kiti. Nasema akapanda. Alipofika, miguu yake ilining'inia hewani kama ya mtoto kanisani.

Ingekwisha hapo kama Hefin angekwenda nyumbani. Lakini palikuwa na chai, na mkate wa zabibu wa Luned, na Mallt hakushuka. Alinywea chai yake kitini hapo hapo, watu wakipanda jukwaani kumpa mkono, akitikisa viatu vyake hewani. Hefin alitafuna vipande kadhaa vya mkate bila kuvionja. Mwishowe akapanda.

"Hongera," akasema.

"Ahsante, jirani."

"Lakini ukweli usemwe."

"Useme. Amani imekwisha itikiwa, hutanichinja."

"Mtaro uko upande wako, Mallt. Umekuwa upande wako siku zote. Mti ule ulikuwa wa Tyddyn."

Mallt akanywa funda. "Mti ulikuwa wa Tyddyn," akasema. "Haya. Nimekubali."

Hefin hakuwa amejiandaa kukubaliwa. "Na huo mstari wako wa kwanza. Nilikupa mimi. Pale pale, kwenye fito zako. Ubishe."

"Nibishe nini? Ulinipa wewe, tena ukarudia. Nilikushukuru kimoyomoyo njia nzima."

Sasa watu walikuwa wamesogea. Bi Tegwen mwenyewe alikuwa amesimama na kipande cha mkate mkononi. Hefin akaona ushindi, akaufuata kama ng'ombe anavyofuata ndoo.

"Na kiti! Nani kakichonga? Miezi yote ya baridi, vidole hivi! Nimekipima mimi, nimekikata mimi, hata miguu yako haifiki chini, mwanamke! Mti wangu, mstari wangu, kiti changu!"

Mallt akampa Berwyn kikombe chake kitupu, akajisogeza nyuma mpaka mgongo wake ukagusa yale majani ya mwaloni, akakaa vizuri.

"Kweli tupu, Hefin. Mti wako, mstari wako, kiti chako," akasema. "Kilikuwa kimepungukiwa makalio tu, na hayo nimekuja nayo mwenyewe kutoka Hendre."